Wageni Aliowaita Wake

Ko, ko, ko. Vifuu viwili vya nazi vikigonganishwa mara tatu, halafu kimya, kimya cha mtu anayengoja kujibiwa. Kila nikimkumbuka Bi Mwanawema binti Jecha, sauti hiyo ndiyo hunijia kwanza. Niliisikia utotoni, nilipofuatana na mama na wanawake wenzake kwenda msituni kukata ukindu, majani ya kusukia mikeka. Tulisimama sote nyuma ya mwanamke mmoja mfupi, mwenye shingo nyembamba na visigino vilivyopasuka, na hakuna aliyethubutu kumtangulia.

Hakuwa mkubwa wa jambo jingine lolote. Alikuwa mjane. Alilima kipande chake cha mpunga, akachuma karafuu za watu msimu ulipofika, na siku zilizobaki akasuka. Misala yake ya kuswalia ilijulikana kutoka kijijini kwetu mpaka Wete, kwa chane zake nyembamba na mshono usioonekana. Ukindu wake ulitoka Papindini, ziwa dogo lililo juu ya mlima, katikati ya msitu, ambako mikindu husimama majini mwaka mzima na majani yake huwa marefu na laini.

Papindini palikuwa na masharti, na masharti yale yalikuwa na akili. Kiangazi kikikaza, visima vyetu hugeuka tope, na maji ya mwisho kubaki ni ya ziwa lile. Kwa hiyo waliotutangulia wakaweka: viatu vivuliwe, maji yatekwe kwa kata ya kifuu na si kwa chombo cha chuma, sabuni isifike, na kiumbe anayekuja kunywa pale asiuawe, hata akiwa nyoka. Juu ya hayo waliweka sharti moja kubwa kuliko yote. Mgeni haingii mpaka mwenyeji asimame chini ya mtondoo, mti mkubwa ulioko mpakani mwa eneo la ziwa, apige bismillahi, agonge vifuu, aseme: “Hodi wenyewe. Nimekuja na wangu.” Akishasema hivyo, mgeni yule ni wake kama mtoto wa tumbo lake, na kosa la mgeni ni kosa la aliyemwita. Asiyeitwa hubaki chini ya mtondoo. Akijitia kuingia, tuliamini, baya la kule humfuata mpaka kwao.

Kufyeka njia na kubisha hodi ilikuwa kazi ya ukoo wa Jecha. Jecha alipokufa hakuacha mtoto wa kiume, na panga la njia likamwangukia binti yake. Wanaume walicheka. Walicheka wakiwa wamekaa barazani, na hakuna hata mmoja aliyenyanyuka kulichukua panga lile.

Mwaka wa thelathini na nne, mwezi wa pili, ardhi ikiwa imepasuka kwa jua, Sheha Msellem alikuja uani kwa Bi Mwanawema. Alikuja na mpwa wake Bakar, mpandaji wa mikarafuu, aliyewahi pia kuwa mchukuzi bandarini Mkoani na kujifunza huko Kiingereza cha mizigo. Bi Mwanawema alikuwa akisuka. Dada yake Mwanakhamis alikuwa mlangoni akipepeta mchele.

“Bi Mwanawema, tuna wageni,” alisema Sheha.

“Wageni baraka, Sheha.”

“Hawa si wa kula wali. Mzungu na mkewe, wametoka Unguja. Wanatembea.”

“Wanatembea wakenda wapi?”

“Wanatembea tu. Wamesikia kuna ziwa mlimani, wanataka waende, wale mkate wao kando yake, warudi jioni.”

Bi Mwanawema akaweka ukili mapajani. “Watoke Unguja, wavuke bahari, waje kula mkate penye maji yetu? Kwao hawana pa kukaa?”

Bakar akacheka. “Bi, usiwaulize Wazungu kwa nini. Mmoja alinibebesha Mkoani sanduku zima, roho inanitoka. Kulifungua, majiwe ya pwani!”

Sheha hakucheka. Alikuwa na barua ya Mudiri, mkubwa wake wa serikali, mkononi, naye aliishika kama mtu aliyeshika kaa la moto. “Nisikilize vizuri. Wakirudi hawakuliona ziwa, usheha wangu umekwisha. Waone ziwa. Kwa vyovyote.”

“Weye utakuja?”

“Miye magoti hayanipi.”

“Kwa vyovyote.” Naomba msomaji ayashike maneno hayo mawili, maana baadaye kijiji kizima kiliyaachia yakaanguka. Watu watatu waliyasikia kutoka kinywani mwa Sheha: Bi Mwanawema, Mwanakhamis na Bakar.

Waliondoka asubuhi, baada ya alfajiri, watu wanne. Mbele Bi Mwanawema na panga. Nyuma yake Mzungu, mrefu, bunduki begani, kisha mkewe mwenye viatu vipya vya ngozi, na mwisho Bakar na kikapu cha chakula. Walipita mikarafuuni, wakavuka bonde la mpunga lililokauka, wakapanda. Msitu ukawapokea kwa giza lake la kijani. Mipapindi, ile miti kama minazi, imenyooka pande zote, na juu ya miti mikubwa popo kwa mamia wananing’inia, wakigombana mchana kweupe kama wake wenza.

Mzungu alisimama akasema neno.

“Anauliza mlima uko wapi,” Bakar alitafsiri.

“Mwambie anaukanyaga.”

Bakar alimwambia. Mzungu alicheka, akasema tena.

“Kasemaje?”

“Kasema kwao hiki wangekiita kichuguu.”

“Muulize basi, kama ni kichuguu, anahemea nini?”

Hilo Bakar hakulitafsiri. Lakini yule mke aliwatazama nyuso, akacheka peke yake, na tangu hapo akawa anatembea karibu na Bi Mwanawema. Alimwonesha kwa kidole kila kitu ataje jina lake: mti, ndege, jani. Akajionesha kifuani akataja jina lake mwenyewe, ambalo Bi Mwanawema hakuweza kulitamka. Kwa hiyo akamwita Bibi Mdogo, nalo likatosha.

Sasa nitaeleza alichokusudia Bi Mwanawema, maana walimhukumu bila ya kumuuliza. Chini ya mtondoo, mtu akisimama upande wa magharibi, ziwa huonekana lote kupitia mwanya wa miti, linang’aa. Alikusudia awaweke pale. Wangeliona ziwa, wangekula mkate wao, Sheha angebaki na usheha wake, na hakuna ambaye angehitaji kuitwa na yeyote. Ilikuwa hila nzuri, na ingefaa.

Lakini walipofika mtondooni, Bibi Mdogo aliketi chini akavua viatu. Visigino vyake vilikuwa nyama tupu. Soksi zilikuwa zimegandana na damu, uso umekuwa mwekundu kama embe la kuiva, na chupa yao ya maji ilikuwa imekwisha zamani. Hakulalamika. Aliyatazama tu yale maji yaliyong’aa, akameza mate.

Bi Mwanawema alisema baadaye: “Ningemfanyaje? Mtu ana kiu, maji yale pale, nimwambie kaa hapa uyatazame?”

Akaamua kumwita. Na hapa likaja kosa lake, ambalo nisingeweza kumweleza mtu wa mbali akalielewa, lakini Mpemba ataelewa. Angeweza kumwita mke peke yake na kumwacha mume chini ya mti. Masharti hayakumkataza. Adabu ndiyo iliyomkataza. Kumchukua mke wa mtu, kumfanya wako, na mumewe umwache nje ya mlango anatazama! Aliona ni kumvunjia mtu nyumba yake. Basi akagonga vifuu, akasema, na Bakar amesimama hatua mbili tu kutoka kwake: “Bismillahi. Hodi wenyewe. Nimekuja na wangu. Mwanangu huyu wa kike, na mwanangu huyu wa kiume.”

Bakar akawaeleza masharti kwa Kiingereza chake na kwa mikono yake yote miwili. Mume akaitikia kwa kichwa, akavua viatu, akitabasamu kama mtu anayecheza mchezo wa watoto.

Kwa muda ilikuwa siku njema. Bi Mwanawema alimnywesha Bibi Mdogo kwa kata, kata tatu. Kisha akateka maji, akaenda naye mbali na ukingo, akamwosha visigino na kuvifunga kwa majani. Mikindu ilikuwa inachezea upepo. Walikula mkate wao, wakampa Bakar kipande, Bakar akasema una ladha ya karatasi.

Halafu bata maji wawili wakatua.

Bakar anaapa mpaka leo kwamba alipiga kelele, tena kwa lugha zote alizokuwa nazo. Mlio wa bunduki ulizunguka ziwa ukarudi. Popo wakaruka wote kwa pamoja, mbingu ikawa nyeusi. Bata mmoja alipigapiga mbawa majini, damu ikatanda, akatulia. Mzungu alikuwa anacheka kwa furaha. Akamwashiria Bakar akamlete ndege.

“Siendi!” alisema Bakar. “Aniue na miye kama anataka.”

Aliyekwenda ni Bi Mwanawema. Aliingia na nguo zake mpaka kiunoni, akamchukua yule bata, akamleta akamweka miguuni pa Mzungu. Kisha akachukua kata, akarudi majini penye damu, akaanza kuteka na kumwaga nchi kavu. Kata baada ya kata. Anateka, anatembea, anamwaga, anarudi.

“Bi, ananiuliza unafanya nini,” alisema Bakar. “Nimjibu nini?”

“Mwambie mwana akikunyea kiganja, hukikati.”

Bakar akamwambia Mzungu kwamba mama huyu anapenda usafi.

Yule mke hakuuliza. Hakuambiwa na mtu. Aliingia majini na majani yake miguuni, akasimama ubavuni pa Bi Mwanawema, akaanza kuteka maji mekundu kwa vitanga vyake viwili. Waliteka pamoja mpaka maji yakarudi rangi yake. Mumewe alimwita mara mbili, naye hakugeuka.

Wageni wakarudi Unguja. Mudiri akamsifu Sheha kwa barua. Mvua za masika zikachelewa.

Zilichelewa Pemba yote, tangu Fundo mpaka Chokocho, kwa watu ambao hawajapata kusikia jina la Papindini. Imamu wetu alisema wazi: mvua ni ya Mwenyezi Mungu, haingoji ruhusa ya bata. Akatuswalisha swala ya kuomba mvua, na hilo lilikuwa la haki. Lakini mtu mwenye shamba kavu hutafuta shingo ya kukamata, na shingo iliyokuwa karibu ilikuwa nyembamba, ya mwanamke mjane. Bakar alikuwa ameshasimulia kila kitu, akaongeza chumvi penye kupwaya.

Ijumaa moja, baada ya swala, Sheha Msellem akaitisha baraza. Hebu tazama. Aliyemtuma ndiye aliyeketi kumhukumu, juu ya msala ambao yeye Bi Mwanawema ndiye aliyeusuka.

“Bi Mwanawema,” alisema Sheha, “nani aliwaita wale watu?”

“Nani aliwatuma kwangu, Sheha?”

“Nilikwambia uwaoneshe njia. Sikukwambia uwaite wako.”

Wanaume wakatikisa vichwa kukubali, wakaona amejibu sawasawa. Nakumbuka vichwa vile. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, nimekaa na wanawake nyuma ya pazia la makuti, nikitazama kwenye upenyo. Nilivihesabu vichwa vilivyotikisika nikakata tamaa.

“Ulisema, ‘Waone ziwa, kwa vyovyote.’ Bakar alikuwapo. Bakar, mwanangu, mjomba wako alisema nini?”

Bakar alitazama vidole vya miguu yake. “Miye... sikumbuki vizuri, Bi.”

“Hukumbuki? Hodi yangu umeikumbuka neno kwa neno, mpaka kikohozi changu umekisimulia, la mjomba wako ndilo limekutoka?”

Watu wengine wakacheka. Mwanakhamis akapiga kelele nyuma ya pazia: “Alisema! Alisema kwa vyovyote! Nimesikia kwa masikio yangu haya!”

“Wanawake watapewa nafasi yao,” alisema Sheha. Mpaka leo nafasi hiyo haijafika.

Kisha Sheha akalainisha sauti. Nafikiri alikuwa ameanza kuona haya, na mtu mwenye haya hupenda njia ya mkato. “Tusivutane, bibi yangu. Ikiwa hukuwaita, sema hukuwaita. Bakar huenda alisikia vibaya. Kosa litakuwa lao wenyewe, na wao ni Wazungu, tutawafanya nini? Sema tu, uchukue panga lako uende zako.”

Sote tulijua maana yake. Akikana, ziwa linabaki lake, ukindu wake, misala yake, riziki yake. Akikiri, hukumu ya kale ilikuwa miaka saba asivuke mtondoo. Lakini akikana, basi wale wawili waliingia bila ya kuitwa, na baya la kule ni lao.

Mwanakhamis alimfinya dada yake kupitia makuti. “Kana! Kana, mwenzangu. Wazungu wana madaktari wao!”

“Yule mwanamke aliingia majini akateka pamoja nami.”

“Sasa?”

“Sasa nimtupe?”

Akamgeukia Sheha. “Niliwaita. Wote wawili.”

Miaka saba. Hakuna aliyepinga. Namtaja Sheha kwa sababu ndiye aliyetamka, lakini baraza zima lilikuwa na ndimi, na mama yangu mwenyewe, aliyekuwa akifuata nyuma ya mgongo ule kila mwaka, alishika ushungi wake akanyamaza. Tulimwacha abebe peke yake kosa la mtu aliyekwisha kumla bata wake na kumsahau.

Mvua ilinyesha siku ya tisa baada ya hukumu. Sheha alitembea kijijini siku hiyo kama mtu aliyeileta mfukoni.

Panga la njia alipewa mtu wa ukoo wa Sheha. Alikwenda mara mbili, mara ya pili akapotea mpaka magharibi, hakurudi tena. Masika mawili yakatosha kuifunga njia. Bi Mwanawema akawa anasuka kwa ukindu wa kando ya mikoko, mfupi, mgumu kwa chumvi, unaokatika ukiukunja. Misala yake ikawa minene. Wanunuzi wa Wete waliigeuzageuza wakauliza kama mikono imezeeka. Aliteremka kuchuma karafuu siku nyingi zaidi, na mgongo wake ukaanza kupinda. Bakar alimsalimia kila siku kutoka ng’ambo ya njia, kwa sauti ya juu mno, na kila siku aliitikiwa: “Marahaba, mwanangu.” Sijui ni adhabu gani ingemchoma zaidi.

Mwaka wa arubaini na moja ulikuwa wa vita. Mchele wa nje ulikuwa haba, kiangazi kikali, na visima vyetu vilitoa tope. Nilikuwa nimeolewa, nyumba yangu inapakana na yake, nami nilikuwapo uani pamoja naye na Mwanakhamis, tunachambua ukindu, Sheha Msellem alipopiga hodi. Alikuwa amenenepa. Tulimtandikia msala, mmoja katika ile minene.

“Bi Mwanawema, miaka saba imekwisha,” alisema. “Ziwa ni lako tena.”

“Alhamdulillahi.”

“Watu wana kiu, na hakuna aijuaye njia isipokuwa weye.” Akajipangusa jasho. “Tena kuna wageni. Mabwana watatu wanataka kuona miti ya mbao, kwa ajili ya vita. Wameambiwa iliyo bora iko kule, ziwani. Jumatatu watakuwa hapa.”

Mwanakhamis alitupa chane zake chini. “Sheha, huna haya?”

“Nasema na dada yako.”

Nilitaka amfukuze. Nilitaka ayataje yote, bata na barua na baraza, amtemee mate mbele ya mlango, nami kwa mara ya kwanza ningefungua mdomo wangu nimsaidie. Bi Mwanawema aliendelea kuchambua, uchane mmoja kulia, uchane mmoja kushoto, mpaka Sheha mwenyewe akachoka kungoja.

“Basi, bibi yangu, niwajibu nini?”

Akainua macho. Alisema polepole, kwa sauti ndogo hivi kwamba Mwanakhamis, aliyekaa ubavuni pake, aliinamisha kichwa ili asikie:

“Njia nitakuonesheni. Kule mtondooni, waite weye.”